Doa la Shuka: Kwa Nini Nepi ya Mtu Mzima Huvuja Usiku

Saa tisa usiku, katika nyumba yenye mzee anayeuguzwa, mkono wa binti hupapasa chini ya shuka na kukuta majimaji. Taa huwashwa. Mzee, ambaye pengine aliamka zamani akanyamaza ili asimsumbue mtoto, hugeuza uso ukutani. Shuka hutolewa, godoro hufutwa kwa kitambaa, nepi nyingine hutolewa katika pakiti iliyotarajiwa kufika mwisho wa wiki, na mpaka nyumba itulie tena, adhana ya alfajiri imekaribia. Usiku wa pili mambo huwa yale yale.

Kikao cha familia kinachofuata hufikia mojawapo ya maamuzi matatu. Ama nepi, ambayo mitaani wengi huiita pampasi ya wakubwa, huhesabiwa kuwa ni feki na kununuliwa ya namba kubwa zaidi. Ama mzee huvishwa mbili kwa pamoja. Ama hunyimwa maji tangu alasiri. Maamuzi yote matatu hutokana na huruma, na yote matatu aghalabu huongeza tatizo, kwa kuwa yamejengwa juu ya dhana moja, kwamba nepi huvuja kwa sababu imejaa. Nepi nyingi zilizovuja usiku, zikifunguliwa asubuhi na kutandazwa, hukutwa na sehemu kubwa iliyo kavu kabisa. Nafasi ilikuwapo, mkojo ndio haukufika huko.

Kilicho ndani ya nepi

Nepi ya kisasa ina tabaka tatu. La juu, linalogusa ngozi, ni kitambaa chepesi kinachopitisha mkojo bila kuuhifadhi. La chini ni plastiki inayozuia maji yasitoke. Katikati hulazwa nyuzinyuzi za mti, za aina ile ile inayotengenezewa karatasi, zikiwa zimechanganywa na chembechembe nyeupe zinazofanana na chumvi ya mezani. Chembechembe hizo ni polima iitwayo sodiamu poliakrilati. Zikikutana na maji huvimba na kugeuka ute mzito ambao haukamuliki kwa urahisi hata mtu akiukalia. Katika maji yasiyo na chumvi, polima hii huweza kufyonza maji yenye uzito wa mara mia kadhaa ya uzito wake. Katika mkojo, kwa sababu ya chumvi zilizomo, uwezo huo hushuka na kubaki makumi tu.

Jambo ambalo pakiti haisemi ni muda. Polima huhitaji muda ili kufyonza, ilhali kibofu cha mtu mzima, kinachobeba kwa kawaida kati ya mililita 300 na 500, huweza kujikamua chote katika nusu dakika. Mkojo hufika kabla chembechembe hazijavimba, na kwa kitambo hicho kifupi hutembea juu ya nepi kama mvua ya kwanza juu ya udongo mkavu, ukifuata mteremko, mpaka ukutane ama na sehemu yenye nafasi ama na upenyo.

Mililita zinazoandikwa kwenye pakiti nazo zahitaji kusomwa kwa tahadhari. Kipimo cha kimataifa kinachotumika sana, ISO 11948-1 cha mwaka 1996, hutaka nepi nzima izamishwe katika kimiminika, iachwe ichuruzike, kisha ipimwe uzito. Hakuna mwili juu yake, hakuna paja linaloibana, hakuna godoro lililobonyea. Kwa hiyo nepi iliyoandikwa mililita 2,000 haitabeba kiasi hicho ikiwa imevaliwa na mtu aliyelala ubavu, na aliyeiuza hakusema uongo. Tarakimu hiyo hufaa kulinganishia nepi moja na nyingine, basi.

Kusoma doa

Kabla shuka halijatumbukizwa kwenye beseni, lifaa litazamwe kwanza, kwa kuwa mahali doa lilipo hueleza mengi kuhusu njia ambayo mkojo ulipitia.

Doa lililo kwenye usawa wa paja, mara nyingi upande mmoja, huonyesha kwamba nepi haikukaa vizuri katika kinena. Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni namba. Utepe wa fundi cherehani huzungushwa kiunoni, kisha kwenye nyonga mahali palipo panene zaidi, na kipimo kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili ndicho kinacholinganishwa na jedwali la kwenye pakiti. Mzee aliyepatwa na kiharusi huweza kupungua sana katika miezi michache, na namba iliyomfaa mwaka jana ikawa leo inampwaya. Hapa ndipo uamuzi wa kununua namba kubwa zaidi unapoharibu mambo: ukubwa ulioongezwa huwa zaidi katika kiuno na mabawa, na pajani huacha nafasi ambayo mkojo hauikosi.

Sababu ya pili ni vile vikuta viwili vya kitambaa vyenye mpira, vilivyo ndani ya nepi pande zote mbili za njia ya kati. Kazi yake ni kusimama na kuuzuia mkojo usikimbilie mapajani kabla haujafyonzwa. Nepi ikitolewa katika pakiti na kuvalishwa moja kwa moja, vikuta hivyo hubaki vimelala kama vilivyokandamizwa kiwandani. Muuguzi mzoefu huishika nepi kwa ncha zake mbili, ya mbele na ya nyuma, na kuikunja kwa urefu mpaka ifanye umbo la mtumbwi. Vikuta husimama vyenyewe. Mgonjwa hugeuzwa ubavu, nepi huwekwa nyuma ikiwa bado na umbo hilo, kisha hurejeshwa chali na sehemu ya mbele kuvutwa kati ya miguu. Kingo za pembeni hulazwa ndani ya mikunjo ya kinena, wala hazikunjwi kuelekea ndani. Vibandiko vya chini hufungwa kwanza, vikielekezwa juu kidogo ili vikumbatie paja. Vya juu hufuata, vikielekezwa chini kidogo ili vishike kiuno. Kidole kimoja au viwili vikipita kwa urahisi kati ya nepi na tumbo, imetosha. Kuikaza zaidi ya hapo huumiza ngozi na kuyapinda mabawa yakaacha upenyo mpya.

Doa la mgongoni huonekana zaidi kwa wanawake na kwa wale walalao chali, kwa kuwa mkojo hushuka kuelekea makalioni. Aghalabu nepi imewekwa chini mno upande wa nyuma, au godoro la sponji limebonyea katikati na kufanya bonde. Kuipandisha nepi nyuma kwa upana wa vidole vichache, na kuligeuza au kulibadilisha godoro, huweza kumaliza kazi ambayo pakiti tano za nepi za bei ghali hazikuiweza.

Doa la tumboni ni la wanaume. Uume ukiachwa umeelekea juu, mkojo hutokea kiunoni kabla ya kukutana na sehemu yenye polima nyingi. Dawa yake ni kuuelekeza chini kabla ya kufunga vibandiko. Ni jambo dogo, na ndilo linalosahauliwa zaidi, kwa sababu itakayoelezwa baadaye.

Lipo pia doa la ajabu ambalo huanzia kwenye nguo na kupanda hadi kifuani, ilhali nepi yenyewe haikufurika. Chanzo chake ni fulana, shati la kulalia au pindo la khanga lililoingia ndani ya nepi wakati wa kufunga. Kitambaa hicho huvuta mkojo nje usiku kucha kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa.

Mzee alalaye ubavu mmoja tangu jioni hadi asubuhi hupata doa upande alioulalia, kwa kuwa hapo ndipo mteremko ulipo na hapo ndipo nepi ilipo na nyuzinyuzi chache. Kumgeuza husaidia, na kwa asiyeweza kujigeuza mwenyewe kugeuzwa ni lazima kwa sababu nyingine kubwa zaidi, ya vidonda vya mgandamizo. Nepi za kuvaa kama chupi, zifaazo sana mchana kwa mtu anayetembea, kwa kawaida hufyonza kidogo kuliko zile za vibandiko, na usiku hazifai kutegemewa na mtu anayetokwa na mkojo mwingi.

Kuhusu kuvaa nepi mbili, maelezo ni mafupi. Nepi ya ndani ina plastiki chini yake, kwa hiyo ikizidiwa, mkojo hautapenya kwenda kwenye ya nje. Utatokea pembeni kama kawaida, na mgonjwa amebaki na joto maradufu na mapaja yaliyotanuliwa. Wapo wanaoitoboa ya ndani kwa wembe, na matokeo yake ni ute kumwagika na kugandia ngozini. Zipo pedi za nyongeza zisizo na plastiki chini, zilizotengenezwa mahususi zipenyeze mkojo kwenye nepi inayozibeba, na hizo ndizo zifaazo kuongezwa ndani. Pedi ya kawaida ya hedhi si mbadala wake, kwa kuwa nayo ina plastiki.

Na mafuta. Katika nyumba nyingi ngozi ya mgonjwa hupakwa mafuta ya mgando kwa wingi ili isichubuke. Nia ni njema, lakini mafuta mazito huhamia kwenye kitambaa cha juu cha nepi na kuziba njia ya mkojo; nepi ikawa kama sahani. Tabaka jembamba, lililosuguliwa likaisha, hulinda ngozi bila kuziba kitu. Poda nayo huvuruga vibandiko na kugandamana mikunjoni.

Mkojo wa usiku

Hutokea hata hivyo kwamba nepi imevaliwa kwa namba sahihi na kwa mkono wa kujua, na bado alfajiri imejaa pande zote, nzito kama tofali, na shuka limelowa. Hapo swali linahama kutoka kwenye nepi kwenda mwilini: kwa nini mzee huyu anatengeneza mkojo mwingi kiasi hicho akiwa amelala?

Kwa kijana, ubongo hutoa usiku kiwango kikubwa zaidi cha homoni ya vasopresini, inayoziagiza figo zihifadhi maji, na ndiyo maana mkojo wa asubuhi huwa mchache na wenye rangi nzito. Umri ukisonga, mpangilio huo hulegea. Mkojo wa mchana na wa usiku hukaribiana kwa wingi, na kwa baadhi ya wazee wa usiku huzidi. Wataalamu wa mfumo wa mkojo huhesabu kwamba kwa mtu aliyevuka miaka 65, mkojo wa usiku ukizidi theluthi moja ya mkojo wote wa saa 24, hiyo ni hali inayohitaji kutafutiwa sababu.

Kuupima nyumbani hakuhitaji maabara. Nepi kavu hupimwa kwenye mizani, kisha ile ya usiku, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, hupimwa asubuhi. Gramu moja ya tofauti ni takriban mililita moja ya mkojo. Nepi iliyokuwa na gramu 110 ikiwa kavu, ikikutwa alfajiri na gramu 960, imebeba takriban mililita 850. Mkojo wa kwanza baada ya kuamka huhesabiwa pia kuwa wa usiku. Kazi hiyo ikifanywa kwa siku tatu, usiku na mchana, na matokeo kuandikwa katika daftari pamoja na saa na kiasi cha vinywaji, daktari hupata karatasi yenye thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Miongoni mwa sababu, ya kwanza kutazamwa ni miguu. Mzee anayekaa kitini mchana kutwa hukusanya maji miguuni. Ukibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, shimo hubaki. Akilala, maji hayo hurudi katika mzunguko wa damu, figo huyachuja, na nepi huyapokea. Kuinua miguu juu ya mto au stuli kwa saa moja au mbili wakati wa alasiri huyatoa maji hayo kabla ya usiku. Lakini uvimbe huo nao una chanzo chake, na huweza kuwa moyo unaoshindwa kusukuma damu ipasavyo, au dawa ya shinikizo la damu aina ya amlodipini, ambayo hujulikana kwa kuvimbisha miguu. Dawa za kutoa maji mwilini kama furosemidi, zikimezwa jioni, hufanya kazi yake kitandani. Mara nyingi daktari huweza kusogeza saa ya kumeza. Familia haipaswi kuisogeza kwa uamuzi wake yenyewe, wala kuisimamisha.

Kisukari kisichodhibitiwa huongeza mkojo usiku na mchana, kwa kuwa sukari inayopita kwenye figo huvuta maji pamoja nayo. Kukoroma kwa nguvu kunakokatizwa na vipindi vya pumzi kusimama huweza pia kuongeza mkojo wa usiku, jambo ambalo watu wachache hulihusisha na kibofu. Choo kigumu kilichojaa kwenye utumbo mpana hukikandamiza kibofu na kukipunguzia nafasi. Kwa wazee wasiotembea, kutibu choo peke yake wakati mwingine hupunguza kulowa kwa shuka.

Lililobaki ni maji ya kunywa. Kumnyima mzee maji ni kosa linalorudiwa katika nyumba nyingi kuliko mengine yote. Mkojo uliokolea huwasha kibofu na kukifanya kijikamue mara kwa mara, harufu huwa kali zaidi, choo hukauka, na katika joto la pwani mzee huweza kuishiwa maji mwilini bila kuhisi kiu, kwa kuwa hisia ya kiu hupungua uzeeni. Kinachobadilishwa ni saa. Sehemu kubwa ya maji, uji na matunda ya majimaji kama tikiti huliwa na kunywewa kati ya asubuhi na alasiri. Baada ya chakula cha jioni ni mafunda ya kumezea dawa. Chai na kahawa za usiku, ambazo kwa wazee wengi ni nusu ya mazungumzo ya barazani, hufaa zihamie asubuhi. Na kabla ya kuvaa nepi ya usiku mzee apelekwe chooni, au apewe kopo, hata kama alishazoea kutopelekwa. Watu wengi wanaovalishwa nepi wangali na uwezo wa kukojoa kwa hiari. Hakuna anayewauliza tu.

Nepi inayoficha ugonjwa

Jambo zito kuliko yote katika mada hii halihusu shuka. Nepi nzuri, iliyovaliwa vizuri, huweza kuficha kwa miezi ugonjwa ambao ungetibiwa.

Mwanamume mzee ambaye hakuwa akijikojolea, na sasa ameanza kulowesha kitanda usiku huku mchana akikojoa kidogo kidogo, huenda kibofu chake hakimwagi mkojo wote. Tezi dume iliyovimba hubana njia. Mkojo hubaki, kibofu hutanuka taratibu bila maumivu, na usiku misuli inapolegea hufurika kama ndoo iliyojaa. Familia huona maji mengi na kudhani kwamba kibofu kimelegea, ilhali kimezibwa. Kwa baadhi ya wagonjwa shinikizo hilo hurudi nyuma hadi kwenye figo na kuziharibu kimyakimya. Dalili ya kutazama ni tumbo la chini lililojaa na kuwa gumu chini ya kitovu hata baada ya mtu kukojoa. Kipimo cha altrasaundi cha kibofu na figo, pamoja na kipimo cha damu cha utendaji wa figo, hutoa jibu. Mgonjwa wa namna hii hutolewa mkojo kwa mpira hospitalini chini ya uangalizi, kwa kuwa baada ya kufunguliwa figo huweza kutoa maji mengi kwa ghafla. Wenye kisukari cha miaka mingi na walioumia uti wa mgongo huweza kupatwa na hali hiyo hiyo bila kujali jinsia.

Mwanamke anayetokwa na mkojo mfululizo, mchana na usiku, tangu uzazi uliochukua siku nyingi, hana tatizo la nepi hata kidogo. Ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na tiba yake ni upasuaji. Wapo waliojifunga vitambaa kwa miaka ishirini bila kuambiwa hivyo. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazofanya upasuaji huo.

Kulowa kulikoanza ghafla, kukiambatana na homa, maumivu ya kukojoa, damu katika mkojo au mzee kuchanganyikiwa, ni safari ya hospitali siku ile ile. Kadhalika miguu iliyopoteza nguvu pamoja na kushindwa kuzuia mkojo.

Kitanda, ngozi na usingizi wa mwuguzaji

Hata baada ya yote hayo, usiku mmoja mmoja shuka litalowa, na kitanda hufaa kitandikwe kwa kulitarajia hilo. Juu ya godoro huwekwa mpira, ule ule ambao akina mama huagizwa kwenda nao kujifungulia. Juu yake shuka la kawaida. Na juu ya shuka, kuanzia kiunoni hadi magotini, kipande cha kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Usiku kikilowa, kipande hicho ndicho kinachovutwa na kubadilishwa, na kitanda kizima hakiguswi. Ngozi isilazwe juu ya mpira mtupu, hasa Tanga au Mombasa mwezi wa pili. Wala kusiwe na marundo ya vitambaa: kila tabaka linaloongezwa huongeza mikunjo, na mikunjo huanzisha vidonda.

Iwapo ngozi ni nzima na nepi ina uwezo wa kutosha, si lazima mgonjwa aamshwe kila saa kubadilishwa. Usingizi wake una thamani, na wa anayemuuguza vilevile. Nyumba nyingi hufaulu kwa kubadilisha mara moja, mwuguzaji anapokwenda kulala, kisha alfajiri. Kinyesi hakisubiri, hutolewa mara tu kinapogunduliwa, kwa kuwa mchanganyiko wake na mkojo huila ngozi kwa haraka. Kusafisha ni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kutoka mbele kwenda nyuma, kisha kukausha kwa kugusagusa pasipo kusugua. Nepi zilizotumika hufungwa na kwenda kwenye taka, si chooni.

Je, ni nepi ipi bora? Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza ukiongozwa na Mandy Fader wa Chuo Kikuu cha Southampton, uliochapishwa mwaka 2008, ulilinganisha aina mbalimbali kwa wanawake na wanaume, na haukupata aina moja iliyowafaa wote. Mahitaji ya wanaume yalitofautiana na ya wanawake, ya mchana na ya usiku, na kuchanganya aina kulionekana kuwa na faida. Kwa familia inayohesabu fedha, maana yake ni kwamba nepi nene ya vibandiko huweza kutunzwa kwa ajili ya usiku pekee, na mchana pakatumika vitambaa vya kufua au pedi nyepesi. Kwa baadhi ya wanaume upo pia mfuko wa mkojo unaounganishwa na kondomu yenye mrija, unaovaliwa kwa nje. Mpira unaoingizwa ndani ya kibofu ni jambo lingine: huleta maambukizi, na haupaswi kuombwa kwa ajili ya kulinda shuka tu.

Aibu

Nepi nyingi huvuja kwa sababu isiyoandikwa katika kitabu chochote cha uuguzi: aliyeivalisha alikuwa ameangalia pembeni. Binti hatazami utupu wa baba yake, wala mkwe wa mama mkwe, na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki hilo si suala la elimu wala ushamba. Kwa hiyo nepi hufungwa gizani, chini ya khanga, kwa mikono yenye haraka. Vikuta havikusimamishwa, uume haukuelekezwa chini, kibandiko kimoja kimeshika shati. Kuwaambia watu waache haya hakusaidii. Husaidia zaidi kutafuta nani katika ukoo anaweza kuifanya kazi hiyo pasipo kuvunjiana heshima: mjukuu wa kiume, ndugu wa rika moja, mke ikiwa ana nguvu. Husaidia pia kumfundisha mzee mwenyewe. Mikono iliyo hai huweza kuelekeza na kufunga chini ya shuka, huku binti akiwa amesimama kando akimsomea hatua.

Mazungumzo yenyewe huhitaji mlango. “Baba, usiku ukihisi majimaji, niamshe.” “Lala, mwanangu, na wewe una kazi asubuhi.” Hapo wengi huishia, na mzee huendelea kulalia maji mpaka jogoo awike. Nyumba nyingine zimeweka kengele ndogo au kopo la bati la kugonga, na zimeacha kabisa kulitaja neno nepi mbele ya wageni. Husemwa “nguo ya usiku”, na kila mtu anaelewa.

Kwa wazee Waislamu liko jambo moja linalowaumiza kimoyomoyo kuliko shuka, nalo ni sala ya alfajiri. Wengine huacha kuswali wakiamini kwamba hawana tohara tena. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, mwenye kutokwa na mkojo mfululizo ana utaratibu wake: hujisafisha, huvaa kitambaa au nepi safi, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, kisha huswali bila kuchelewa, na kinachomtoka baada ya hapo hakimharibii sala hiyo. Sheikh wa mtaa ataeleza zaidi. Mwuguzaji anayelijua hili hupanga ubadilishaji wa alfajiri uendane na adhana, na mzee huamka akiwa na sababu ya kuamka.

Siku ya kwenda kliniki, familia hubeba daftari la siku tatu, dawa zote zikiwa katika mfuko mmoja, zikiwemo zile za mitishamba, na nepi moja kavu ya aina inayotumika. Mzee asivalishwe safi na kupelekwa akiwa ameshakojoa njiani. Aulizwe akifika, apelekwe chooni, kisha alazwe kitandani ili muuguzi aweke kiganja chini ya kitovu na kupapasa kama kibofu kimebaki kimejaa.